Darubini ya Twiga

Siku Twiga alipotoboa tangi la maji la mwenyekiti, maelezo alikuwa nayo hata kabla maji hayajakwisha kutoka. Vilengeo vimechoka, alisema. Bunduki ina umri wa ndoa yao. Kilengeo cha nyuma kimelegea, cha mbele kimelika, na hata kijana wa miaka ishirini asingempata yule nguruwe pori kwa vyuma vya namna ile. Aliyasema hayo akiwa amesimama kwenye matope aliyoyatengeneza mwenyewe, na watu wakamwamini, maana Twiga alikuwa na sauti ya kuaminika na shingo ndefu ya kuitolea. Shingo hiyo ndiyo iliyompa jina. Jina lake la vyeti lilikuwa likikumbukwa na mama mkwe wake tu.

Mke wake alikuwa ameona vingine. Wakati wa mlio alikuwa amelala kifudifudi kando yake, darubini ya mkononi machoni, kama walivyozoea: mke hutafuta mnyama, husoma upepo, husema sasa, na mume hufyatua. Nguruwe alikuwa amesimama ukingoni mwa mahindi, ametulia utadhani anapigwa picha ya kitambulisho. Mtutu ulikuwa umeelekea kwingine kabisa. Vilengeo vilikuwa vikuukuu, sawa, lakini mwaka juzi pia vilikuwa vikuukuu, na mwaka juzi vilipiga. Kilichobadilika ni jicho.

Alilijua hilo kama mke yeyote anavyojua mambo ya nyumbani kwake, bila kuambiwa. Twiga alikuwa amechomelea mageti na madirisha ya nusu ya mji ule, na kazi nyingi alizifanya bila kinyago usoni, kwa sababu, kama alivyopenda kujigamba, moto humjua mwenyewe. Sasa alikuwa akitia ufunguo pembeni mwa tundu la kitasa. Alimimina chai mezani, karibu kabisa na kikombe, kisha akailaumu birika. Akisoma ujumbe kwenye simu aligeuza uso upande kama kuku anayemchungulia mwewe, ili jicho la kushoto lifanye kazi ya yote mawili. Akiulizwa, alijibu kwamba amechoka. Uchovu gani huo wa upande mmoja?

Mwenyekiti wa chama cha wakulima hakuwa mtu mbaya. Alifika siku ya pili yake, akanywa chai, akasifu kiti alichokalia, ndipo akalitoa lililomleta.

"Tangi nimesamehe, ndugu yangu," alisema. "Lakini kibali cha kulinda mashamba ni cha chama, na bunduki ni hii moja yenu. Mahindi yakianza kushika maziwa, nguruwe watashuka wote. Kabla ya hapo nataka nione shabaha kwa macho yangu. Ikishindikana tutatafuta mpigaji mwingine. Usinichukie."

"Nikuchukie kwa lipi?" Twiga alicheka. "Nafunga darubini juu ya bunduki. Ukiiona hiyo shabaha utaniomba ukaitundike sebuleni."

Kwa Twiga jambo hilo lilikuwa zito kuliko chakula. Kuchomelea alikwishaacha, mashine ameiuza, na wateja wake wa zamani walimpita barabarani wakiwa na haraka zao. Lililobaki ni kuitwa mpigaji. Kila mtu mjini alimwita hivyo, hata wauza mboga. Mke wake naye alikuwa na hofu yake, na hofu hiyo haikuwa ya kupoteza kazi ya chama. Risasi inayokosa nguruwe ikalipata tangi, kesho itampata nani? Tangi halina mama wa kulia.

Huyu mke watu walimwita Sindano. Alikuwa mshonaji, mfupi, mwembamba, na akikuingia unajua kwamba umeingiwa. Alikuwa na karakana yake ya kushona sare za shule na ovaroli za viwandani, cherehani nne mstari mmoja, na hakuwahi kuvaa hereni wala kusema maneno mawili panapotosha moja. Kupiga bunduki alijua. Alikuwa na leseni yake, na mara chache Twiga alipougua mafua alikwenda shambani yeye, akapiga, akarudi, na wiki nzima Twiga akawasimulia watu jinsi alivyomfundisha.

"Nenda wewe dukani," Twiga alimwambia. "Mimi nikiingia duka lolote huuziwa mpaka mlango. Chukua ile inayovuta karibu kuliko zote. Nataka nimwone nguruwe mpaka kope."

Sindano akaifunga bunduki kwenye kasha lake, akatia kufuli, akachukua leseni zote mbili, akawasha pikapu ya kupelekea sare. Twiga alimfungulia geti, akasimama njiani akipunga mkono kama mtoto anayengojea zawadi. Hilo lilimuuma Sindano kuliko lile tangi.

Duka lilikuwa kati ya duka la dawa na duka la vipuri, na nondo dirishani zilikuwa nene kuliko bidhaa nyingi zilizokuwa ndani. Kengele ililia mlangoni. Harufu ya mafuta ya bunduki ilimpokea kabla ya mwenye duka, ambaye alitoka nyuma ya pazia akijifuta mikono kwenye aproni: mtu mnene, miwani juu ya paji la uso, mdomo usiopumzika.

"Karibu mama. Unamnunulia mzee zawadi?"

"Nanunua darubini ya bunduki," Sindano alisema, akaweka kasha juu ya kaunta.

Fundi wa bunduki alizikagua leseni, akaitoa bunduki, akafungua chemba kuhakikisha haina kitu, akaipapasa kama mganga anayempapasa mgonjwa. Akasema mtutu mzuri, vilengeo si vibaya sana. Sindano akasikia hilo la vilengeo akaliweka moyoni. Kisha fundi akapanga darubini kwenye kitambaa, kuanzia ndogo mpaka kubwa. Ile kubwa ilikuwa na kioo cha mbele kipana kama kifuniko cha sufuria.

"Wote huitaka hii," fundi alisema. "Inavuta hatari. Nenda pale mlangoni, tazama lile bango la ng'ambo."

Sindano akaenda mlangoni na darubini tupu mkononi. Ng'ambo ya barabara palikuwa na bango la kinyozi. Alihangaika kulitafuta, akaona ukuta, akaona waya, akaona ukuta tena, na alipolipata aliona herufi moja tu, kubwa, ikicheza kwa kila pumzi aliyovuta. Akasubiri itulie, haikutulia. Kope za nguruwe angeziona, hilo kweli. Lakini nguruwe mwenyewe angempata lini? Wanyama wao hutoka kwenye mahindi ghafla, karibu, wanakimbia. Kwa kioo hiki angeona manyoya tu, asijue kama ni ya begani au ya mkiani.

Akachukua ndogo. Akafumba macho, akainua, akafumbua: bango lote, kinyozi, kiti chake, na mteja aliyekuwa akinyolewa vibaya. Akashusha, akafumba, akainua tena upande wa pili: pikipiki imeegeshwa, mlinzi anasinzia. Kila alipofumbua aliona alichokitaka.

"Hiyo haivuti sana, mama," fundi alimwonya. "Mzee atalalamika."

"Una chumba chenye giza?"

Fundi alimtazama. Watu humuuliza bei, humuuliza dhamana, chumba cha giza alikuwa hajaulizwa. Akamwonyesha stoo. Sindano akatoa mkobani kipande cha kitambaa cheusi alichokishona kwa uzi mweusi, kazi ya sare za walinzi, akakibandika kwenye rafu ya mwisho, akarudi mpaka mlango wa stoo. Kazi yao shambani ni ya alfajiri, wakati ambao nguruwe na kivuli ni kitu kimoja. Akazijaribu darubini moja moja. Nyingine zilimwonyesha kitambaa. Moja tu, ile ndogo ya tatu kutoka mwanzo, ilimwonyesha mshono.

"Hii," alisema.

Fundi akaja kuchungulia mwenyewe, akahesabu mishono kwa midomo, akacheka. "Mimi huwatuma watu wakatazame mabango. Kumbe nawadanganya kutwa nzima. Haya, fundi mwenzangu, tumemaliza lililo rahisi. Inafungwa kwa jicho la nani?"

"Jicho gani tena?"

"Darubini si kilengeo cha chuma, kwamba anayekuja anapiga," fundi alieleza, akikaza bunduki kwenye jiliwa, kibanio chake cha mezani chenye vipande vya ngozi. "Hii hukaa mbele au nyuma kufuatana na shingo ya mtu. Mwenye shingo ndefu, shavu lake huangukia huku mbele, basi na darubini naisogeza mbele. Mwenye shingo fupi naileta nyuma. Nikikosea, anaona giza pembeni kama mwezi uliolika. Na akiwa karibu mno ni balaa. Bunduki hupiga teke, pete hii inarudi usoni." Akasogeza miwani kando. Juu ya nyusi yake palikuwa na kovu lililopinda kama ukucha. "Nilidhani najua. Kwa hiyo mzee wako alete shingo yake hapa."

Sindano akatoa futi ya kitambaa shingoni. Mzee hakuwa na haja ya kuja. Yeye ndiye aliyemshonea Twiga mashati yote tangu harusi, na vipimo vyake alivijua kuliko nambari yake ya simu. Angempa fundi shingo, bega, mkono, urefu wa taya mpaka kwenye kola, na darubini ingemkaa Twiga kama kola ya sikukuu.

"Shingo yake," alianza, na fundi akashika kalamu.

Hapo ndipo alipokwama. Aliiona wazi ile alfajiri itakavyokuwa: Twiga amelala, darubini imemkaa sawasawa, kioo safi, mwanga mzuri, na nyuma ya hayo yote jicho lilelile. Kioo hakimponyi mtu. Kitakachoongezeka ni imani yake tu. Nguo ya mtu mmoja haiwakai wawili, na hapa palikuwa na bunduki moja na watu wawili, mmoja wao haoni.

Na tusimpake Sindano rangi ya utakatifu. Alitaka. Miaka yote aliyolala kando ya bunduki akisema sasa, sasa, alijua kwamba yeye angepiga vizuri kuliko anayeambiwa. Alikuwa na mkono uliotulia, mkono unaopitisha uzi kwenye tundu la sindano ndani ya gari linalokwenda. Alinyamaza kwa sababu nyumba ilikuwa na amani na mume alikuwa na furaha, si kwa sababu alikuwa hajui.

"Shingo yake vipi?" fundi aliuliza.

"Funga kwa jicho langu," Sindano alisema.

Fundi alinyanyua kichwa, akaangalia leseni zote mbili zilizokuwa kwenye kaunta, akarudisha kalamu sikioni. Mtu wa maneno mengi, lakini kazi ilimfundisha pa kuyaacha. Akamwambia ainue bunduki macho yamefumbwa, shavu liangukie linapopenda, afumbue. Giza pembeni. Fundi akalegeza vishikizo, akaivuta darubini nyuma kwa upana wa kidole. Inua tena. Akavuta tena. Mara ya nne Sindano alifumbua akakuta duara kamili jeupe, msalaba mwembamba wa kulengea umetulia katikati, na furaha ikampanda ghafla mpaka akaona haya. Akaishusha bunduki polepole asije akaonekana anacheka. Fundi akakaza, akaulinganisha msalaba na mtutu, akairudisha bunduki kashani.

Kabla ya kwenda nyumbani alipita karakana. Wifi yake, dada mdogo wa Twiga, alikuwa kwenye cherehani ya pili anaunganisha miguu ya ovaroli. Sindano hakuwa mtu wa kutoboa siri zake, lakini hii ilikuwa inamkaba, akaitoa yote akiwa amesimama.

Wifi aliondoa mguu kwenye pedali ya cherehani. "Wifi, umemvua nguo kaka yangu."

"Nimekataa kumvisha isiyomtosha."

"Maneno hayo yatunzie wateja." Wifi alikata uzi kwa meno. "Sisemi umekosea. Juzi amenisalimu akidhani mimi ni wewe, na mimi ni mnene mara mbili yako. Ila mwambie kabla hajaishika. Akiambiwa na mkewe chumbani ni faragha. Akiambiwa na bunduki mbele ya watu ni aibu, na aibu ya kaka yangu mimi naijua, ndiyo iliyonilea."

"Nitamwambia nikifika tu."

"Nenda basi. Unangoja nikushonee na mdomo?"

Akaenda, na njia nzima alijipangia maneno. Atamkalisha, atamwita baba, kama anavyomwita jambo likiwa kubwa, atasema pole pole. Mpango ulikuwa mzuri. Alipokata kona ya nyumbani aliona baiskeli tatu zimeegemezwa getini, na mpango ukafa palepale. Twiga alikuwa amemwita mwenyekiti. Na mwenyekiti, kwa kuwa chama ni chama, alikuja na wajumbe wawili.

"Ndiyo huyu anafika," Twiga alitangaza, akapokea kasha kabla mkewe hajakanyaga chini. Alikuwa amevaa shati la kutokea. "Mwenyekiti, tusingoje kesho. Twendeni machimboni sasa hivi, mwanga bado upo."

"Baba, nina neno na wewe. Ndani."

"Neno litaningoja. Jua halingoji."

"Ni neno la sasa."

"Mama, wageni wamesimama tu," Twiga alisema kwa upole, akamshika bega, na macho yake yalikuwa na furaha kiasi kwamba Sindano hakuweza. Hapa ndipo alipokosea, na lazima isemwe. Alikuwa na ujasiri wa kufanya jambo, akakosa ujasiri wa kulisema. Mficha uchi hazai, na siku hiyo waliouficha walikuwa wawili.

Machimbo ya kokoto yalikuwa nyuma ya nyumba za mwisho, yameachwa siku nyingi, na ukuta wake mrefu wa mawe ndio uliokuwa ukimeza risasi za majaribio. Wajumbe wakaibandika shabaha kwenye ubao, karatasi yenye umbo la nguruwe lililochorwa na mtu ambaye huenda hakuwahi kumwona nguruwe. Mwenyekiti akasimama nyuma na mikono mgongoni. Twiga akatandika mkeka, akalala, akaweka kitako begani. Hakuacha kuzungumza. Alieleza darubini ni nini, inavyokusanya mwanga, inavyomsogeza mnyama. Ng'ombe akizeeka maini hayazeeki, alisema, na wajumbe wakacheka.

Shavu lake likaenda mahali pake pa siku zote, mbele kabisa. Pete ya darubini ikawa karibu kuigusa nyusi yake.

"Mbona ina giza pembeni?" alijisemea. Akaitafuta picha kwa kusogea mbele zaidi, kama anayechungulia tundu la mlango, na kidole chake kikaingia kwenye kifyatulio.

Sindano alikuwa amelala kando yake na darubini ya mkononi, lakini alikuwa haitazami shabaha. Alitazama ule upenyo mdogo kati ya chuma na mfupa wa mume wake. Akinyamaza, watu wataona damu. Akisema, watu watasikia. Haikuwepo njia ya tatu.

"Usipige," alisema. "Toa kidole."

Twiga akakitoa. Waliowinda pamoja hulitii neno hilo kwanza, maswali baadaye.

"Kuna mtu kule?"

"Hakuna mtu. Darubini hiyo imefungwa kwa jicho langu. Si lako. Ukipiga hivyo itakupasua uso."

Nyuma yao mwenyekiti alikohoa. Wajumbe wakaanza kupendezwa na kokoto. Twiga hakugeuka; uso wake ulibaki umeelekea kwenye ule ukuta wa mawe.

"Fundi amekosea?" aliuliza, kwa sauti ya kila mtu kusikia.

Alikuwa anampa mlango wa kutokea. Sindano aliuona mlango huo, mpana kabisa, na ungewatosha wote wawili: ndiyo, fundi amekosea, tutarudi kesho, mafundi wa siku hizi. Wangekwenda nyumbani na heshima yao. Na msimu ungeanza na Twiga nyuma ya bunduki.

"Fundi hakukosea," alisema. "Aliniuliza ni ya jicho la nani. Nikamwambia langu."

"Vipimo vyangu unavijua."

"Vyote."

"Ungeweza kumpa."

"Nilianza kumpa, nikaacha." Aliona aibu, na alimpenda, na hakujuta, yote matatu kwa pamoja. "Huoni, baba. Jicho la kulia halioni. Nilipaswa kukwambia nyumbani. Nisamehe kwa hilo, lakini kwa lile la darubini sikuombi msamaha."

Twiga akaifungua bunduki, akatoa risasi, akaiweka kwenye mfuko wa shati. Alifanya yote hayo taratibu, kwa vidole, bila kutazama. Halafu akalaza kichwa juu ya mkono wake, kama mtu anayetaka kulala usingizi, uso kwa uso na mkewe, na sauti aliyoitoa haikuwa ile ya kuwaaminisha watu.

"Daktari aliniambia mwaka jana. Halirudi. Ile siku niliyokwambia nakwenda kupima presha."

"Presha yako haijawahi kuwa na shida."

"Najua." Aliigusa ile risasi mfukoni. "Siku ya tangi, mtoto wa mwenyekiti alikuwa ametoka kuchota maji. Ndoo yake ilikuwa bado pale chini. Wewe uliiona?"

"Niliiona. Baada ya mlio."

"Mimi sikuiona kabisa. Mwenyekiti ndiye aliyeniambia jioni, kwa utani tu, kwamba mtoto amekataa kurudi kuifuata. Nikacheka naye. Tangu hapo nikifumba macho naiona hiyo ndoo. Nikifumbua siioni."

"Na leo ungepiga?"

"Ningepiga. Sikujua jinsi ya kuacha. Mtu mzima anasimama wapi aseme mimi basi? Anamwambia nani?" Alimtazama kwa jicho la kushoto. "Nikakutuma wewe dukani. Sijui kama nilikutuma kwa sababu hiyo. Labda."

Sindano akampangusa vumbi shavuni kwa ncha ya futi iliyokuwa bado shingoni mwake, kwa haraka, watu wasione, na watu wote wakaona.

Twiga akainuka. Alipanda juu hatua kwa hatua, goti, mguu, mgongo, kisha ile shingo, mpaka akawa Twiga tena.

"Mwenyekiti," aliita, "umeomba uone shabaha ya mpigaji wa chama. Mpigaji ni huyu. Aliyekuwa akipiga hapo mwanzo jicho lake limekufa, na alikuficha, na mimi ndiye huyo. Unisamehe. Si kwa tangi, kwa tangi ulikwishanisamehe."

Mwenyekiti aliitazama ile bunduki mkekani. Pengine ndoo ilikuwa imemjia kichwani na yeye. Alitoa mikono mgongoni, akasema tu, "Haya mama. Tuone."

Sindano akahamia katikati ya mkeka. Akapokea risasi kutoka mkononi mwa mume wake, akaitia. Akafumba macho, akaacha shavu lianguke, akafumbua. Duara lilikuwa kamili. Nguruwe wa karatasi alikuwa pale na ubaya wake wote, miguu mitano kwa makosa ya mchoraji, na Sindano hakuona sababu ya kuharakisha. Akavuta pumzi, akaitoa nusu, akafyatua. Teke likamjia begani. Usoni hapakuja kitu.

Wajumbe walikimbilia kwenye ubao, mwenyekiti akiwafuata kwa mwendo wa cheo chake. Kutoka kule mmoja aliinua mkono, akaonyesha kwa kidole begani mwa nguruwe, akapiga mluzi.

Twiga hakuwa akiangalia huko. Alikuwa amechuchumaa kando ya mkeka.

"Kwa hii," aliuliza, akiigusa darubini kwa kucha, "ukiwa umelala palepale siku ile, ile ndoo ungeiona?"

"Ningeiona."

"Na mtoto, kama angekuwa bado yupo?"

"Ningemwona mapema, baba. Nisingegusa hata kifyatulio."

Twiga aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, akakaa chini kabisa kwenye kokoto na lile shati lake la kutokea, akanyoosha miguu.

"Basi leo nitalala," alisema.